Bei ya Kupona Nani Aliipanga?

Dada yangu ni fundi cherehani. Alianza kazi hiyo mimi nikiwa darasa la nne, na mpaka mwaka alipougua sikuwahi kumwona akikodolea macho tundu la sindano ili atunge uzi. Vidole vilikuwa vinalijua lilipo. Saratani ya titi imemtoka, vipimo vinasema hivyo na tunashukuru. Sindano ndiyo inayomshinda. Humwita mtoto wa jirani amtungie. Kanyagio la cherehani hahisi kama analikanyaga mpaka aone gurudumu linazunguka. Kandambili humvuka barabarani naye akaendelea hatua kumi, mguu mmoja peku, hadi mpita njia amwite: "Mama, umeacha kiatu."

Kwa hali hiyo aliambiwa mambo mawili. Hospitalini aliambiwa avumilie, maana ganzi ndiyo bei ya kupona. Dukani aliambiwa anunue mashine ya umeme kwa shilingi laki tatu na nusu. "Mishipa imelala, mama. Tunaishtua, inaamka," alisema kijana wa duka huku akimbandika vibandiko kwenye nyayo. Watu wengi huona kauli hizi mbili zinapingana, moja ya mganga na nyingine ya mchuuzi. Mimi naziona ni mama na mwana. Mtu aliyeambiwa kuwa hakuna la kufanya atamtafuta wa kumwambia kuwa lipo, wala hatakwenda mbali kumpata.

Nina ugomvi na zote mbili, na mkubwa ni ule wa hospitalini. Lakini nianze na mashine, kwa sababu ndiyo iliyo mezani kwa dada yangu, juu ya mikasi na vipande vya kitenge.

Umeme kutuliza maumivu si uzushi wa wachuuzi wa leo. Tabibu wa Kirumi Scribonius Largus, karne ya kwanza, aliandika kwamba mwenye jongo asimame ufukweni na kumkanyaga samaki hai wa jamii ya taa, yule apigaye shoti, mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini. Angalia alichokuwa anakitafuta: ganzi! Miaka elfu mbili baadaye tunauziwa umeme huohuo kuiondoa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kisayansi kile ambacho kila mtoto aliyejigonga ugoko anakijua mkononi, kwamba ukipasugua panapouma maumivu hupungua. Walisema kuna kama lango katika uti wa mgongo, na hisia za mguso zikifurika langoni, taarifa za maumivu hupenya kwa shida. Mashine ndogo za vibandiko zinazouzwa leo ni wajukuu wa wazo hilo. Zinacheza na taarifa ya maumivu ikiwa njiani kwenda kwenye ubongo. Waya wenyewe haziugusi.

Na kwa dada yangu kilichoharibika ni waya. Dawa aliyotundikiwa, paklitakseli, asili yake ni gome la mti unaoota magharibi mwa Marekani. Ndani ya kila seli mna mirija myembamba mno, ambayo seli ya saratani huitegemea inapojigawa. Paklitakseli huigandisha mirija hiyo, seli ikakwama katikati ya kujigawa na kufa. Neva haijigawi, lakini mirija hiyohiyo ndiyo barabara yake. Seli inayohudumia ngozi ya kidole gumba cha mguu, kiini chake kiko kiunoni, kando ya uti wa mgongo, na karibu kila inachokihitaji ncha ya neva hiyo husafirishwa kutoka huko, umbali unaokaribia mita nzima. Barabara ikiharibika, kijiji cha mwisho ndicho cha kwanza kulala njaa. Ndiyo maana ganzi huanzia ncha za vidole vya miguu, ikafuata ya mikono, ikapanda polepole kama mtu anayevaa soksi na glavu.

Sasa hesabu. Neva ya mguu ikijaliwa kuota upya, huota kiasi cha milimita moja kwa siku. Tuseme kilichonyauka ni sentimita ishirini za mwisho tu. Hiyo ni miezi sita na ushei, mambo yakienda vizuri. Kijana wa duka aliahidi wiki mbili.

Atanijibu kwamba anao mashahidi, na kweli anao. Watu wamesimama mbele ya kamera za simu wakasema miguu imerudi. Siwaiti waongo. Ila mwaka 2014 watafiti waliunganisha tafiti 31 zilizofuatilia wagonjwa 4,179 waliopata tibakemikali. Mwezi wa kwanza baada ya kumaliza dawa, watu 68 katika kila 100 walikuwa na tatizo hili la neva. Ilipofika miezi sita na kuendelea, walibaki 30. Sehemu kubwa ya watu hao, basi, hupata nafuu kwa kupita miezi tu. Muuzie mashine mtu wa mwezi wa kwanza, mwulize mwezi wa sita, nawe utakuwa umevuna mashahidi kwa mgongo wa kalenda. Vivyo hivyo kwa mafuta ya kuchua, kwa maji ya chumvi, na kwa mwalimu wa kuombea miguu.

Wako waliofanya kazi hii ya umeme kwa heshima zaidi, nao nisiwachanganye na wa dukani. Mtaliano Giuseppe Marineo alibuni mashine kubwa ya hospitalini, isiyotaka kuziba lango bali kupeleka kwenye ubongo ujumbe bandia wa "hapa hapaumi" badala ya ule wa maumivu. Mgonjwa hukaa nayo nusu saa na zaidi kwa siku, kwa takriban siku kumi. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu iuzwe, na ruhusa ya aina ile humaanisha kwamba kifaa kinafanana vya kutosha na vingine vilivyoko sokoni. Haimaanishi kimethibitika kuponya, ingawa kwenye matangazo maana hizo mbili hugeuka kuwa moja. Mwaka 2010 daktari Thomas Smith na wenzake waliijaribu kwa wagonjwa 16 wenye maumivu ya neva baada ya tibakemikali, na maumivu yakashuka kwa asilimia 59. Habari njema. Ila hapakuwa na kundi la kulinganisha, na watu 16 wanaenea kwenye daladala moja na viti vikabaki.

Kilichonivutia kwa Smith ni kwamba hakuishia hapo. Alirudi na jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2020, ambamo kati ya wagonjwa 35 wengine walifungwa mashine ya kuzuga bila kujua. Tofauti kati ya makundi mawili haikuonekana. Mwaka huohuo Charles Loprinzi na wenzake wa Mayo Clinic waliwagawa watu 50 kati ya mashine hiyo na ile ndogo ya vibandiko, na ile kubwa ikaonekana kuwafaa watu wengi zaidi, lakini safari hii hapakuwa na wa kuzugwa. Ukiweka yote kwenye mizani unapata hiki: huenda umeme unapunguza maumivu kwa baadhi ya watu, kiasi cha kustahili majaribio makubwa. Mwongozo wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani wa 2020 ulisema karibu hivyohivyo, kwamba nje ya majaribio hawawezi kuipendekeza.

Ungetegemea watu wa tibakemikali wawe na tahadhari na umeme, kwa sababu mojawapo ya dawa zao kubwa ilizaliwa katika kosa la umeme. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, huko Michigan, alikuwa akipitisha umeme kwenye chombo chenye bakteria. Bakteria wakaacha kujigawa, wakarefuka kama tambi. Mwingine angetangaza kwamba umeme unazuia seli kujigawa na kufungua kliniki. Yeye akaanza kushuku vifaa vyake, akagundua kwamba umeme haukuhusika. Vipande vya platinamu alivyotumia kuupitishia vilikuwa vinamong'onyoka kidogo kidogo kwenye maji, na platinamu ndiyo iliyofanya kazi. Hapo ndipo ilipotoka sisplatini, dawa ambayo leo wanawake wengi wa Afrika Mashariki wenye saratani ya shingo ya kizazi huipata pamoja na mionzi. Na sisplatini nayo huua neva, tena ganzi yake huweza kuendelea kuongezeka miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho.

"Lakini hakuna cha kupoteza ukijaribu." Sentensi hii nimeisikia kwa ndugu, kwa majirani, na kwa muuguzi mmoja mwenye nia njema kabisa. Kipo cha kupoteza. Ngozi iliyokufa ganzi haijui umeme umezidi. Mwenye nayo huongeza nguvu akitafuta kuhisi kitu, na anachokuja kuona kesho yake ni jeraha la moto. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo hatakiwi kujibandika kabla ya kumwona daktari wake, wala vibandiko haviwekwi juu ya uvimbe wa saratani. Na hata vitu vinavyoonekana vya upole kuliko umeme vimewahi kutuumbua. Kirutubisho cha asetili-kanitini kilisifiwa kuwa chakula cha neva. Mwaka 2013 kilijaribiwa kwa wanawake 409 waliokuwa wakitibiwa saratani ya titi kwa dawa za jamii ya paklitakseli, na waliokimeza wakawa na neva mbaya zaidi kuliko waliomeza vidonge vitupu.

Laki tatu na nusu nazo si kitu kidogo kwa fundi ambaye vidole vyake vimegoma.

Sasa ule ugomvi mkubwa.

"Ganzi ni bei ya kupona." Nani aliipanga bei hiyo? Dada yangu, ambaye maisha yake yote ni kupatana bei, alinijibu swali hili kabla sijalimaliza: kwa fundi, bei husemwa kabla ya kukata kitambaa. Yeye bei yake aliambiwa kitambaa kikiwa kimeshashonwa.

Na bei zenyewe hushuka, kumbe. Mgonjwa wa kifua kikuu anapewa isoniazidi, dawa inayoweza kuua neva za miguu kwa kumaliza vitamini B6 mwilini. Hakuna zahanati inayomwambia kwamba ganzi ndiyo ada ya kupona kifua kikuu. Wanamwongezea kidonge cha B6, basi. (Asije mtu akakichukua kidonge hicho kutibu ganzi ya tibakemikali. Haikutoka kwenye upungufu huo, na B6 ikizidi sana huharibu neva yenyewe.) Au mkumbuke stavudini. Waliotumia ARV za mwanzo wanaikumbuka miguu iliyowaka moto usiku, na wanakumbuka walivyoambiwa: uhai kwanza, miguu baadaye. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi ziiondoe taratibu, zikaiondoa, na watu wakaendelea kuishi kwa dawa nyingine. Ilikuwa bei ya dawa ile kwa wakati ule. Sisi tukaisema kama vile ni bei ya uhai wenyewe.

Kwenye saratani kuna mfano ulio wazi zaidi. Oksaliplatini hutumika kwa saratani ya utumbo mpana, na kwa miaka mingi kozi baada ya upasuaji ilikuwa miezi sita. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya majaribio sita yaliyounganishwa, yenye wagonjwa 12,834, yakilinganisha miezi sita na mitatu. Ganzi ya kuanzia kiwango cha kati iliwapata karibu nusu ya waliotibiwa miezi sita, asilimia 45 hadi 48 kutegemea mchanganyiko wa dawa. Kwa miezi mitatu ilikuwa asilimia 14 hadi 17. Je, walipona vilevile? Kwa wale ambao saratani haikuwa imeenea sana, na kwa mchanganyiko mmojawapo, miezi mitatu haikupitwa na sita. Kwa wengine sita ilibaki na faida yake kidogo. Hayo ndiyo mazungumzo ya bei: faida hii, hasara hii, mwili ni wako. Kabla ya hapo kila mtu alilipishwa miezi sita, na hakuna aliyeona kuna cha kupatana.

Nitajibiwa kwamba kupunguza dawa ni kucheza na uhai. Wakati mwingine ndivyo. Kijana mwenye saratani ya korodani anayeweza kupona kabisa kwa sisplatini, mimi singemshauri apunguze ili aokoe vidole. Mtoto anayetibiwa kwa vinkristini kule Kampala au Dar es Salaam, mzazi wake atachagua mtoto anayejikwaa kuliko kaburi, na mimi ningechagua hivyo. Ila mwongozo uleule wa 2020 nilioutaja kwa umeme unawaambia madaktari wapime, mgonjwa anapopata ganzi isiyovumilika, kama inafaa kuchelewesha dozi, kuipunguza, kubadili dawa au kusimamisha. Neno ni wapime. Na hakuna anayeweza kupima kitu ambacho hakukiuliza.

Nilimwuliza dada ilianza lini.

"Dripu ya tatu," alisema, bila kufikiri. "Nilikuwa naokota pini mezani, zinadondoka."

"Na walikupa ngapi baada ya hapo?"

"Tatu nyingine."

"Mbona hukusema?"

"Mdogo wangu, nilisema. Wakasema ni kawaida. Basi ya nne na ya tano sikusema tena, nikaogopa wataniachisha dawa."

Neno "kawaida" ni kweli kabisa, na kwa kuwa ni kweli likamnyamazisha. Tangu hapo alikuwa na siri na madaktari wake, na kila dripu iliyofuata ilipita mahali ambapo palihitaji mazungumzo ya dakika tano. Sijui kama wangepunguza. Pengine wangempima na kusema tuendelee, faida ni kubwa. Lakini angeendelea akijua anachokilipia.

Wala si kweli kwamba mbali na dozi hakuna la kufanya. Kwa maumivu, maana ganzi na maumivu ni vitu viwili, ipo duloksetini, dawa ya sonona. Kwenye jaribio la wagonjwa 231 lililochapishwa 2013, asilimia 59 ya walioimeza walipata unafuu wa maumivu, dhidi ya 38 ya waliomeza kidonge kitupu. Si muujiza, lakini ni uthibitisho ambao mashine bado haijaufikia. Na jingine linanikera kwa urahisi wake. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la wagonjwa 158 waliokuwa wakitibiwa kwa oksaliplatini au dawa za jamii ya vinkristini. Kundi moja lilifanya mazoezi ya mizani ya mwili wakati wa tiba, kusimama kwa mguu mmoja, kusimama juu ya kitu kinachoyumba, mara mbili kwa wiki. Walioachwa bila mazoezi, saba katika kila kumi waliharibika neva. Waliofanya mazoezi, watatu. Ni jaribio moja, na paklitakseli haikuwemo, kwa hiyo siliuzi kama yule kijana anavyouza mashine yake. Ila kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika fremu ya mlango hakuna duka linalokuuzia, na huenda ndiyo sababu hukuona tangazo lake.

Kinachounganisha hayo ni wakati. Karibu kila lenye maana hufanyika dripu zikiwa bado zinaendelea, au kabla ya ya kwanza. Mashine huja mwishoni, baada ya mlango kufungwa, na kauli ya "vumilia" ndiyo inayoufunga. Ninachokidai si mtambo wala si idara mpya. Nadai kwamba kabla ya kila dripu muuguzi amwambie mgonjwa afunge kifungo cha shati, aokote sarafu mezani, asimame amefumba macho, kisha aandike alichokiona kwenye faili palepale ambapo uzito na damu huandikwa. Na kwamba atakayesema pini zinadondoka asijibiwe neno moja.

Mashine bado ipo. Jumamosi usiku, akishamaliza nguo za watu, dada huiwasha, ila vibandiko siku hizi anaviweka kiunoni, ambako kunamuuma kwa kukaa kutwa na ambako bado anahisi. Anasema inamsaidia, nami simbishii. Miguuni alijaribu kwa siku kumi na nne kamili kama alivyoelekezwa. Siku ya kumi na tano alirudi dukani, na yule kijana akamwambia kuna mashine nyingine, yenye nguvu zaidi.